Ukali wa Fulu

Ukiona tangi la samaki ambamo dume mmoja anang'aa kama taa ya matatu na wenzake wote wamejibanza kwenye kona moja, mapezi yameraruka, jua umekutana na siklidi. Huu ni ukoo mkubwa wa samaki. Ngege yumo, tilapia wa sahani yako yumo, na fulu pia yumo: yule samaki mdogo wa Nam Lolwe ambaye mara nyingi hutoshea kiganjani, na ambaye watu wa Nyanza wamemwanika juani na kumla tangu zamani. Watanzania humwita furu, Waganda nkejje. Ndani ya kioo sifa yake ni moja tu: ukorofi. Dume akishika jiwe, jiwe ni lake, na atakayesogea atakiona.

Wengi huona ukali huo kama kasoro ya samaki mzuri. Historia ya ziwa lenyewe inasema mambo mengine.

Takriban miaka 15,000 iliyopita, Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Maji yaliporudi, fulu waliingia na kuanza kugawanyika: wakwangua mwani mawe­ni, wavunja konokono, wala samaki wenzao, hata wale wanaowanyonya watoto kutoka kinywani mwa mama yao. Wanasayansi wanahesabu zaidi ya spishi 500. Kwa saa ya mageuzi, miaka 15,000 ni jana tu. Swali likawa, iliwezekanaje?

Sehemu ya jibu iko kwa samaki wawili wa mawe­ni, upande wa Mwanza. Wanasayansi waliwapa jenasi yao jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya mistari yao. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu. Mwingine ni Pundamilia nyererei, dume lenye wekundu mgongoni, aliyepewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Majike wao wanafanana sana. Kinachowatenga ni macho ya jike: huyu anataka mwekundu, yule anataka wa buluu. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walichapisha jaribio lililowekwa ndani ya matangi. Kwenye mwanga wa kawaida, jike alimchagua dume wa aina yake. Walipowasha mwanga wa rangi ya machungwa pekee, unaofuta tofauti ya buluu na nyekundu, jike hakuchagua tena. Yeyote alifaa.

Na ukali je? Majaribio mengine yaliyofanywa na samaki hawa yameonyesha kwamba dume mwekundu huelekeza hasira zake zaidi kwa mwekundu mwenzake, yaani kwa mshindani wa kweli wa jiwe na wa jike. Sasa fikiria dume mwenye rangi ngeni akitokea katikati ya umati wa wekundu. Anapigwa kidogo kuliko wengine, anapata kajiwe kake, anazaa. Kwa njia hiyo, ugomvi unaweza kumfungulia mlango mgeni. Ule ukorofi unaomkera mfugaji huenda ulikuwa miongoni mwa mashine zilizozalisha utajiri wa ziwa zima.

Wafugaji walijifunza kuishi na mashine hiyo kwa mikono. Dume mmoja huwekewa majike kadhaa, ili hasira isimmalizie jike mmoja. Mawe hupangwa yawe na mapango na vizuizi, kwa sababu anayefukuzwa akishapotea machoni, vita hupoa. Dume husafisha uwanja wake na kutetemeka mbele ya jike. Jike hutaga na kuyaokota mayai kwa mdomo papo hapo. Kisha huona madoa ya manjano kwenye pezi la chini la dume, yaliyo kama mayai yaliyosahaulika, na akijaribu kuyaokota hunasa mbegu badala yake. Wolfgang Wickler ndiye aliyeeleza ujanja huo mwaka 1962. Kwa wiki mbili hadi tatu mama hubeba watoto kinywani, akila kidogo sana au asile kabisa, na mfugaji mwenye busara humhamishia tangi lake peke yake. Hata akishawatema, hatari ikitokea hufungua mdomo na watoto hurudi ndani mbio.

Jike anayebeba watoto namna hiyo hazai wengi kwa mara moja. Hapo ndipo mbuta anapoingia.

Katika miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni wa uvuvi waliwaona fulu kama takataka ya ziwa: wadogo, wenye miiba, wasio na bei. Wazo lao lilikuwa kuleta samaki mkubwa awageuze kuwa nyama ya maana. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mwanasayansi aliyezijua siklidi za Afrika vizuri, aliandika kuonya dhidi ya mpango huo. Haikusaidia. Mbuta walikuwa tayari wameshaingizwa majini, na wengine wakaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa takriban miaka ishirini wakaonekana kama hawana neno. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, na katikati ya miaka ya 1980 upande wa Mwanza, wakafurika. Fulu, ambao kabla ya hapo walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa, wakapukutika. Makadirio yalifika spishi 200 zilizotoweka. Ni kweli mbuta walileta viwanda, minofu ya kuuza Ulaya na kazi kwa watu wengi. Lakini faida hiyo haikugawanywa sawa, na fulu hawakuulizwa.

Timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, ilikuwa Mwanza tangu 1977, ikihesabu fulu wakati huohuo walipokuwa wakipotea. Baadhi yao walisafirishwa wakiwa hai hadi kwenye matangi ya Leiden. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa kuwaokoa kwa kuwazalisha ulianzishwa Marekani, Les Kaufman wa akwariamu ya Boston akiwa mmoja wa vinara wake. Matangi ya taasisi hayakutosha, kwa hiyo wafugaji wa nyumbani nao wakapokea samaki. Ndiyo maana leo kuna sebule huko Ulaya na Marekani zenye vibandiko vya majina ya kwetu, kama kisiwa cha Makobe, kwa sababu mfugaji makini huandika dume wake ametoka mwamba gani.

Usahihi huo si madoido. Majike hufanana, na jike aliyekosa dume wa aina yake huenda kwa aliyepo. Kuchanganya spishi mbili kwenye tangi moja ni kurudia kile kinachotokea ziwani. Mbolea na maji taka yameyafanya maji kuwa machafu, rangi hazionekani, na spishi zinayeyuka ndani ya nyingine bila mbuta hata mmoja kutafuna. Ukali na rangi vinahitaji maji angavu ili vifanye kazi yao.

Tena, tangi si ziwa. Mbuta walipopunguzwa na uvuvi katika miaka ya 1990, baadhi ya fulu walirudi, lakini wengine walirudi wakiwa wamebadilika: mashavu ya kupumulia makubwa zaidi, chakula tofauti. Aliyebaki kwenye kioo kwa miaka thelathini, akilishwa kwa mkono na bila adui, naye si yule babu yake aliyevuliwa.

Kwa hiyo tusiwaachie wenye matangi kazi yote. Siaya kuna Ziwa Kanyaboli, kando ya kinamasi cha Yala, ambako mbuta hawakushika utawala. Ngege wa asili yumo, na fulu wamo. Mafunjo ya kinamasi hicho ndiyo ngao yao, na ndiyo hayohayo yanayofyekwa kila mtu anapotaka shamba kubwa. Anayempenda samaki mkali sebuleni ana sababu ya kuuliza, kila mafunjo yakifyekwa, nani ametoa ruhusa.