Raha ya kusubiri upepo

Mtu wa Bungu ana habari gani na majahazi? Kwetu ni Korogwe, juu kwenye milima ya Usambara, kwenye ukungu na migomba, na wako wazee waliofariki bila kuonja maji ya chumvi. Lakini hebu chukua ramani. Mto Lwengera unapita bondeni chini ya milima yetu, unaingia mto Pangani (Korogwe wengi tunauita Ruvu), nao unakwenda kumwaga maji baharini pale Pangani mjini. Vuka mkondo uko Unguja. Kwa hiyo ndugu msomaji, usinione nimepotea njia.

Siku hizi ukitaja tanga, kisiwa na minazi, watu wanaona picha ya mtalii aliyelala sitahani na miwani ya jua. Sawa, ana haki yake, amelipa. Ila kutia nanga Unguja na kula maisha ni jambo la zamani sana, na lilianzia kwenye upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi hivi, na ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kurudi ilibidi kungoja kusi, inayoanza Aprili. Hapakuwa na njia ya mkato. Nahodha aliyewahi kufika alikaa miezi. Hata neno letu "msimu" ni Kiarabu, na ndilo hilo hilo Wazungu walilochukua wakaziita pepo hizi "monsoon".

Aliyeyaandika maisha hayo vizuri kuliko wote niliowasoma ni Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia. Mwishoni mwa 1938 alipanda jahazi la Kuwait pale Aden, nahodha akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na kaskazi kupitia pwani ya Somalia, Lamu na Mombasa mpaka Unguja. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka 1940. Jahazi likiingia bandarini ni ngoma na nyimbo, kila mtu amevaa kanzu safi. Kisha ni kutembeleana, kahawa, maongezi yasiyoisha, na biashara ndogo ndogo, maana kila baharia alikuwa na sanduku lake la bidhaa. Kazi ilikuwepo pia. Chombo kilikalishwa mchangani maji yakitoka, kikakwanguliwa, chini kikapakwa shahamu, juu kikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake sitaki kuisimulia.

Ukiishia kurasa hizo utaona wivu. Endelea mbele. Mabaharia wale hawakuwa na mshahara, walikuwa na fungu la faida ya safari, na wengi walikuwa na deni kwa nahodha. Nahodha naye alikuwa na deni kwa mfanyabiashara. Baada ya Unguja walikwenda delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kwenye tope, mbu na homa, kwa sababu Kuwait haikuwa na miti ya kuezekea. Upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti zetu! Mwaka 1946 Kuwait ilianza kuuza mafuta nje, na vijana wake wakaiacha bahari bila kugeuka nyuma. Mimi hilo linanitosha kujua ile raha waliipima vipi wenyewe.

Na hao walikuwa watu huru. Rudi nyuma miaka themanini. Kaskazi ilipoanza kuvuma, wazazi wa Unguja waliwafungia watoto ndani, kwani baadhi ya wageni wa msimu waliwaiba na kuwaficha vyomboni hadi siku ya kuondoka. Rigby, balozi wa Waingereza pale tangu 1858 hadi 1861, alilalamika kuhusu wizi huo. Yaani bandari ile ile, miezi ile ile ya ngoma na kahawa.

Hapo ndipo milima yetu inapoingia. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyekaa Vuga, alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1860. Semboja, mwanawe aliyekuwa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, akapigania ufalme na Shekulwavu, mjukuu aliyerithishwa kiti. Mwanahistoria Steven Feierman alikusanya simulizi za wazee wa Usambara akazichapisha 1974, na picha wanayoitoa ni moja: bunduki na baruti zilinunuliwa kwa watu. Mateka waliteremshwa bondeni hadi Pangani. Shuleni tulifundishwa Kilwa na Bagamoyo mpaka tukakariri, Pangani ikapewa mstari mmoja.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba, soko la Unguja likafungwa. Lakini mwaka uliotangulia, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Karafuu ikapanda bei, Pemba ikataka mikono, na Pangani iko jirani. Hawakuhitaji jahazi kubwa wala kungoja msimu. Dau dogo, usiku mmoja wenye upepo mzuri, na mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya Usambara anaamkia kwenye shamba la karafuu.