Kutangaza biashara ndogo Likasi na Koni: kutoka posho ya kompani hadi programu ya simu

Siku hizi mtu mwenye duka dogo huku kwetu anauza mara mbili: kwanza mezani, pili ndani ya simu. Foto ya unga, ya kitenge au ya samaki wa Lufira inapita WhatsApp kabla mteja hajatoka nyumbani. Na sasa limekuja jambo lingine, nalo ni programu zinazomwezesha mtu kuandika matangazo ya wiki nzima kwa siku moja, kisha zinayatoa zenyewe kwa saa aliyochagua. Vijana wanazisifu, wazee wanauliza ni za nini. Ili tuelewe faida yake na hatari yake, turudi nyuma kidogo tuone watu wa eneo letu walitangazaje mali yao tangu zamani.

Soko lilijulikana kwa midomo

Kabla ya reli na kabla ya mashini, soko kubwa la upande huu lilikuwa Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ilifika pale kutoka pwani ya mashariki na kutoka Angola. Ilikuja kutafuta shaba, chumvi na pembe za ndovu, na pia watumwa, jambo ambalo hatuwezi kulificha. Hakukuwa na ubao wala gazeti. Msafiri ndiye alikuwa gazeti. Aliyepata bei nzuri Bunkeya aliisimulia njiani, na habari ikatembea miezi mingi hadi baharini. Lugha hii ya Kiswahili ninayoiandika ilipita pia katika njia hizo hizo za biashara. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, msafara wa mfalme Leopold II ulipofika kwake, na soko lile likavunjika.

Mji uliozaliwa na kompani

Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mwaka 1910 reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na baadaye ikaendelea mpaka kwetu. Mji wetu ukapewa jina la Jadotville, jina la Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa mali ya Wabelgiji. Unaweza kusema mji wenyewe ulikuwa tangazo la kompani. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966.

Koni nayo ina nafasi yake katika habari hii. Viwanda vya Panda na Shituru vilihitaji umeme, na mto Lufira ulikuwa na maporomoko. Mtambo wa Mwadingusha ulianza mwaka 1930. Mtambo wa Koni, chini yake kwenye mto huo huo, ulianza mwaka 1950. Maji yetu ndiyo yaliyoyeyusha shaba iliyoenda Ulaya.

Katika miaka hiyo mfanyakazi wa kompani hakuwa na haja kubwa ya kutafuta duka. Kompani ilimpa nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho. Unga ulitoka kompani, samaki ilitoka kompani. Tangu mwaka 1957 hata gazeti lilitoka kompani, nalo liliitwa Mwana Shaba. Kwa hiyo mtu mdogo aliyetaka kuuza kitu aliuza pembeni: mboga, makala, pombe ya nyumbani. Alimtangazia jirani yake kwa mdomo, basi. Mteja mkubwa, yaani kompani, hakuhitaji kutangaziwa naye.

Wakati wa ubao wa rangi

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kompani iliyozaliwa hapo ndiyo baadaye tuliyoizoea kwa jina la Gécamines. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka na mashamba ya wageni, kama Wagiriki na Wareno, yalipewa wenyeji. Wengi waliyopewa hawakujua kazi ya duka, na rafu zikabaki tupu. Lakini katika miaka hiyo pia mikono mingi midogo ilianza kufungua milango yake: kinyozi, fundi cherehani, fundi wa kinga, mama wa bunga.

Hao walihitaji kujulikana, na aliyewasaidia ni mchoraji. Alichora kichwa chenye nywele safi kwa kinyozi, chupa na glasi kwa mwenye bar, tairi kwa fundi. Hata asiyejua kusoma alielewa. Kazi hii isidharauliwe. Chéri Samba, ambaye leo picha zake ziko katika majumba makubwa ya sanaa ya dunia, alianza Kinshasa mwaka 1972 katika karakana za kuchora mabango. Huku Katanga, wachoraji walitembeza picha zao nyumba kwa nyumba, na mamba muntu alitundikwa katika sebule nyingi.

Ubao ulikuwa na nguvu moja: ulikuwa wako. Ukishaulipia, haukudai kitu tena mpaka jua liule. Na ulikuwa na udhaifu mmoja: ulisema na wapita njia tu. Aliyekaa Kikula hakuona ubao wa Koni. Ili kumfikia, ulilipa komunike kwenye radio, ikasomwa mara moja au mbili katikati ya matangazo ya misiba, kisha ikapotea hewani.

Kompani ilipoanguka

Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, upande wa Kolwezi, uliporomoka. Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Miaka michache tu baadaye ilitoa chini ya tani 50,000. Mshahara ukachelewa, kisha ukakosekana. Mwaka 1992 maelfu ya majirani wetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na familia nyingi zililala kwenye gare ya Likasi zikingoja treni. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara. Jina walilojenga kwa miaka, wateja waliowajua kwa sura, vyote viliachwa nyuma. Tusipolitaja hilo, historia ya biashara ya mji huu itakuwa na uongo ndani yake.

Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Baba akarudi nyumbani na bahasha. Bahasha ikaisha. Mama akatoa meza mbele ya nyumba. Meza nyingi unazoziona leo zilizaliwa hapo. Biashara ndogo hapa kwetu haikuanza kwa sababu watu walipenda kuwa matajiri. Ilianza kwa sababu aliyekuwa akitulisha alianguka, nasi hatukuwa na mwingine.

Simu inaingia sokoni

Kwa bahati, wakati huo huo simu ilikuwa inafika. Zaire ilikuwa na Telecel tangu mwaka 1986, lakini ile ilikuwa simu ya wakubwa. Celtel ilianza mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002. Celtel ikageuka Zain, kisha Airtel mwaka 2010. Miavuli ya rangi ikajaa barabarani, na chini yake vijana wakauza inite. Mama wa samaki sasa aliweza kumbipu mteja: ukiona namba yangu, jua mzigo umefika. Bip haikulipiwa kitu, nayo ilikuwa tangazo.

Mwaka 2012 Vodacom ilileta M-Pesa Kongo, miaka mitano baada ya Kenya. Malipo yakapita ndani ya simu ile ile. Kisha zikaja simu zenye kioo, na Facebook, na WhatsApp. Mwezi Januari 2018 ilitoka WhatsApp Business, yenye majibu ya haraka na lebo za kupanga wateja. Mwaka 2019 ikaongezewa katalogi, ambamo unaweka foto za vitu na bei zake. Ubao wa rangi ukaingia mfukoni.

Programu zenyewe ni nini?

Sasa tufike kwenye swali letu. Duniani, mtu aliyekuwa na kurasa nyingi aliona anapoteza siku nzima akifungua huu mtandao na kufunga ule. Mwaka 2008 ilianzishwa Hootsuite, mjini Vancouver, Kanada. Mwaka 2010 ikaanzishwa Buffer, huko Uingereza. Mwaka 2020 Facebook nayo ilitoa ya kwake ya bure, ambayo leo inaitwa Meta Business Suite. Zote zina wazo moja: unaandika matangazo yako mahali pamoja, unachagua siku na saa, programu inayatoa. Ile ya Meta inakuletea pia ujumbe wa Facebook na wa Instagram katika sanduku moja, na inakuonyesha ni watu wangapi waliona.

Kwa nini jambo hili limhusu mtu wa Koni? Tuseme mama mmoja anauza samaki na bunga, na wateja wake wengi wako Likasi. Siku mega zipo na mtandao uko vizuri, anakaa nusu saa. Anaandika matangazo matano: Jumatatu bei ya bunga, Jumatano samaki wabichi, Ijumaa samaki wakavu wa kupeleka safari, na kadhalika. Anayapangia saa kumi na mbili jioni, wakati watu wametoka kazini na simu iko mkononi. Tangazo likishapangwa, linakaa kwenye mashini za kompani ya mtandao, si kwenye simu yake. Hata moto ukikatika, hata simu ikizimika, hata akiwa shambani, litatoka. Kwa watu wanaoishi na umeme wa kukatika, hiyo ni faida kubwa kuliko ya mtu wa Ulaya.

Lakini yako mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, programu haijui habari za mtaa. Ikiwa jirani amefariki, tangazo lako la kucheka litatoka katikati ya msiba, na watu hawatasamehe mashini, watakulaumu wewe. Kila asubuhi angalia yaliyopangwa. Pili, usitangaze mzigo ambao hujaushika mkononi. Ubao ulisema duka lipo, lakini foto inasema samaki wapo leo. Mteja akitoka Likasi akakuta beseni tupu, harudi. Tatu, anayeuliza bei anataka mtu amjibu. Programu inaweza kutoa salamu, lakini kupatana bei na kumuuliza mtu habari za watoto ni kazi yako.

Somo la kompani

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kwa jirani aliyekwisha kuonja. Lakini kizuri kilichofichwa nacho kinaoza, na mwenye samaki anajua hilo kuliko sisi sote. Kwa hiyo mimi nasema programu hizi zitumiwe.

Nasema pia zitumiwe na mtu anayeikumbuka historia ya mji wake. Sisi ni watoto wa mahali ambapo kompani moja ilitoa nyumba, unga, dawa na gazeti, kisha siku moja vyote vikakoma pamoja. Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za kompani moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika karibu saa sita, dunia nzima. Hapa kwetu, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa karibu wiki tatu. Na kilicho bure leo si lazima kiwe bure kesho: Hootsuite iliondoa mpango wake wa bure mwaka 2023. Aliyeweka wateja wake wote ndani ya kurasa moja yuko kama baba wa mwaka 1990 aliyengoja mshahara.

Dawa yake ni ya zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mteja anayekuja kwa njia ya mtandao, andika jina lake na namba yake ya simu kwenye kaye, kwa kalamu, pamoja na anachopenda kununua. Akaunti ikifungwa, utapiga simu au utatuma ujumbe mfupi wa kawaida. Acha ubao mdogo mlangoni, wenye jina na namba. Mpelekee mtu wa radio komunike siku ya sikukuu. Programu iwe mkono mmoja kati ya mikono yako, isiwe shingo.

Aliye na simu na anayetaka kuanza, aanze na kidogo: kurasa moja, matangazo mawili kwa wiki, foto zilizopigwa mchana kwenye mwanga, bei iandikwe wazi kwa franka. Afanye hivyo mwezi mzima, kisha afungue kaye yake ahesabu. Namba mpya zikiwa nyingi, aendelee. Zikiwa chache, abadilishe saa au foto kabla ya kumlipa mtu yeyote anayemwahidi wateja wengi. Maji ya Lufira yalifanya kazi ya wengine kwa miaka mingi. Mtandao nao, tukiutumia kwa akili, unaweza kufanya kazi yetu.