Jina Lisilong'ara Gizani: Bujumbura na Simu za Mwaka 2015

Mwaka 2015 nilikuwa na umri wa miaka 10. Simu niliyokuwa nikiichezea ilikuwa ya kaka yangu. Kwenye Facebook alijionyesha amesimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na majina yake yote mawili, la Kirundi na la dini, yaliandikwa chini ya picha. Mwezi Juni picha ile ilikuwa imeondolewa. Badala yake palikuwa na ua jekundu na jina nisilolijua. Nilidhani anafanya mzaha. Sasa ninasoma historia, na ninaelewa kwamba alikuwa akijilinda.

Tarehe 25 Aprili chama cha CNDD-FDD kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kesho yake maandamano yakaanza katika mitaa kama Musaga, Nyakabiga na Cibitoke. Siku chache baadaye Facebook, Twitter, WhatsApp na Viber zilifungwa kwenye simu za mkononi, watu wakatafuta njia za kuzunguka kizuizi. Tarehe 13 Mei Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kwamba amempindua rais. Jaribio lake lilishindwa, na katika siku hizo redio za RPA, Bonesha FM na Isanganiro pamoja na televisheni ya Renaissance zilishambuliwa. Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, nayo haikupona. Mji uliozoea kuamka na redio ukabaki na simu.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Mwaka ule jina lililong'ara lilikuwa hatari. Kaka ananiambia kwamba kabla ya kutoka nyumbani alifuta ujumbe wote, maana simu iliweza kupekuliwa njiani. Mtu mmoja alikuwa na sura kadhaa: mpole kwenye kundi la ukoo, kimya kazini, na mkali pale alipotumia jina la bandia.

Wengine husema unafiki huu umeletwa na intaneti. Mimi sikubali. Mji huu, ulioitwa Usumbura hadi uhuru wa 1962, umewafundisha watu kuchagua namna ya kujitambulisha tangu zamani. Mtaani Buyenzi walikaa watu waliotoka Kongo, Tanganyika na vilima vya Burundi, na wengi wakajiita Waswahili. Jina hilo lilitaja lugha, na mara nyingi dini pia, halikutaja kabila. Katika nchi ambayo kuulizwa kabila kumegharimu maisha ya wengi, kujiita Mswahili hakukuwa uongo. Mtu alitanguliza upande mmoja wa nafsi yake na kuuacha mwingine nyumbani.

Lakini pazia linalomficha msema kweli humficha pia mzushi. Mwaka 2015 uvumi wa vifo na picha za vita vya nchi nyingine vilisambaa kwa majina ya bandia vilevile. Basi tofauti ilikuwa wapi? Mfano ninaoutegemea ni SOS Médias Burundi. Waandishi wa habari waliopoteza redio zao waliianzisha Mei hiyohiyo, wakatoa habari kupitia Facebook, Twitter na SoundCloud bila kutaja majina yao. Walificha nyuso zao, ila jina la kazi yao lilibaki lilelile kila siku, na msomaji aliweza kulipima: jana lilisema nini, na je, ilikuwa kweli? Mzushi alitupa jina lake mara tu uongo ulipofika.

Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016. Kaka hakurudisha picha yake ya ziwani. Siku moja mwanahistoria ataufungua ujumbe wa mwaka ule na kukutana na maua, simba na majina yasiyo na wenyewe. Namwomba asiulize tu nani aliandika. Aulize pia aliyeandika alimwogopa nani, na kama jina alilojipa alilitunza.