Matone ya Mdomoni katika Nchi ya Chai

Tangu miaka ya 1920, kampuni za Uingereza zilipoanza kupanda chai katika nyanda za Kericho, juu ya ardhi ambako Wakipsigis walikuwa wakilisha ng'ombe wao, nchi ile ilisifika ulimwenguni kwa ukijani wa majani yake na mvua yake isiyoadimika. Lakini wazazi waliokaa katika kambi za wachuma chai, na jirani zao wa Bomet, walikuwa na habari nyingine ambayo haikuandikwa juu ya makasha ya chai, nayo ni wepesi wa kuhara kumaliza uhai wa mtoto mchanga.

Baadhi ya wazee walisema ni meno yanaota, na baadhi wakamzuilia mtoto maji wakidhani yanazidisha maradhi, hali ya kuwa ukosefu wa maji mwilini ndio uuao. Hospitali ya misheni ya Tenwek, ambako tabibu Ernest Steury alifika mwaka 1959, ilipokea watoto wa namna hiyo, macho yameingia ndani na ngozi imelegea. Rehema ya kwanza kubwa ilikuwa maji ya chumvi na sukari, ambayo manufaa yake yalidhihirika mwaka 1971 katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh, yakaenea hata zahanati za vijijini.

Mwaka 1973, Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne waliona kwa hadubini virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, na ikafahamika kwamba karibu kila mtoto wa dunia, wa tajiri na wa maskini, huambukizwa navyo kabla ya kutimiza miaka 5. Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana: kisima kizuri na choo safi, ambavyo ni wajibu wa kila serikali na kila mwenye shamba, hupunguza kipindupindu na homa ya matumbo, lakini haviwezi peke yavyo kuvizuia virusi hivi, na maskini hakufiwa kwa kuwa mchafu, alifiwa kwa kuwa mbali na tiba.

Wachunguzi walikadiria kwamba kabla ya chanjo virusi hivyo viliua watoto wa Kenya takriban 4,500 kila mwaka. Julai 2014 serikali ilianza kutoa chanjo kwa matone ya mdomoni, mtoto alipofika wiki 6, kisha wiki 10. Katika Siaya na Kilifi, ambako hesabu ilifanywa kwa makini, kulazwa hospitalini kwa sababu ya virusi vya rota kulipungua kwa zaidi ya nusu katika muda mfupi. Chanjo haikumkinga kila mtoto, kwani nguvu yake katika Afrika ni ndogo kuliko Ulaya, na sifa ya kupungua kwa vifo yaigawana na maji ya chumvi na sukari, zinki na maziwa ya mama. Hata hivyo, miongoni mwa neema zilizowafikia watoto wetu katika karne hii, naihesabu katika safu ya mbele.

Lakini neema hiyo ina saa yake, maana hutolewa katika wiki maalumu. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, na siku ya kliniki ni siku isiyo na kilo. Likizo ya uzazi ya miezi 3, iliyowekwa na sheria ya ajira ya mwaka 2007, ilitosha kwa dozi hizo mbili za ratiba ya 2014, ila kibarua wa msimu aghalabu haioni likizo hiyo. Nao mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu miezi 5, ulionyesha jinsi mlango wa kliniki unavyoweza kufungwa juu ya mtoto ambaye wiki zake hazingoji mapatano ya wakubwa.

Basi enyi wasimamizi wa mashamba, mpeni mama ruhusa yenye malipo siku ya chanjo. Nawe mama, mtoto akitimiza wiki 6, mpeleke kliniki, na umrudishe kila tarehe utakayopangiwa.