Gari Lililozunguka Kamera

Gari wazi, lisilo na paa, linaipita tramu, linakata mbele yake na kutokomea pembeni. Hujakaa sawa, hilo hilo limerudi. Dereva ni yule yule, kofia ile ile, na safari hii anapita karibu zaidi, kama kijana anayepita mara ya tatu mbele ya nyumba ya mchumba akijifanya ana shughuli mtaani.

Hapa ni Market Street, San Francisco, Aprili 1906. Ndugu wa familia ya Miles waliifunga kamera mbele ya tramu iliyokuwa ikivutwa na kamba ya chuma chini ya barabara, wakapiga picha mfululizo kwa dakika zipatazo 13, tramu ikielekea Ferry Building, jengo la kivuko lenye mnara wa saa. Mtu akiitazama leo husema: kumbe magari yalikuwa tele zamani zile! Hayakuwa tele. Waliokaa wakayahesabu moja moja wamegundua kuwa machache tu yalizungushwa mbele ya kamera tena na tena, mji upate kuonekana wa kisasa. Basi hata hiyo zamani tunayoitamani ilipangwa na watu waliojua kwamba itatazamwa.

Kisichopangwa ndicho kitamu zaidi. Usukani wa magari mengi uko kulia, kama wetu wa Afrika Mashariki, ingawa huko yanapita upande wa kulia wa barabara; ni Ford Model T ya mwaka 1908 iliyosaidia kuuhamishia kushoto. Hakuna mistari barabarani, hakuna taa. Wanawake wa magauni marefu wanavuka popote wapendapo, wavulana wanakimbia mbele ya tramu kwa michezo, mikokoteni ya farasi inaingia na kutoka bila kuomba njia. Barabara bado ni uwanja wa watu. Gari ni mgeni aliyekaribishwa jana.

Wengi wetu hucheka tunapoona picha hizi, kwa sababu watu wanatembea kwa haraka ya ajabu, kama wamekanyaga makaa. Kosa si lao. Kamera za wakati huo zilizungushwa kwa hendeli, aghalabu kwa kasi ya picha 16 hivi kwa sekunde. Sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikawekwa kwenye 24, na filamu za zamani zikipitishwa kwenye mtambo huo kila mtu huanza kukimbia. Gari nalo liliwashwa kwa hendeli. Injini ikirudisha nyuma kwa ghafla, chuma kile kiliweza kumvunja mtu mkono, na taabu hiyo ilianza kupungua Cadillac walipoleta kiwashio cha umeme mwaka 1912. Kwa hiyo mbele ya kamera na nyuma yake walikuwepo watu wenye mikono iliyochoka kwa kazi ya namna moja. Matoleo ya siku hizi yaliyotiwa rangi, honi na mlio wa kwato yananipa mashaka. Filamu ile ilikuwa bubu. Kelele hizo tumezitia wenyewe.

Waingereza walianza kuyapamba ya zamani mapema zaidi. Sheria yao ya 1865 ilitaka mtu mwenye bendera nyekundu atembee mbele ya gari la mashine. Tangu 1878 bendera hiyo haikuwa tena lazima kwa nchi nzima. Hata hivyo, tarehe 14 Novemba 1896, wenye magari walipoanza safari ya London hadi Brighton kushangilia sheria mpya iliyopandisha kasi hadi maili 14 kwa saa, bendera nyekundu ilichanwa hadharani wakati wa kifungua kinywa. Walichana kitu ambacho kilikuwa kimeshakwisha nguvu. Safari hiyo ilifufuliwa mwaka 1927, na magari yanayoruhusiwa ni yale yaliyoundwa kabla ya 1905. Ikaja filamu ya Genevieve mwaka 1953, kuhusu gari aina ya Darracq la 1904 linaloshindana na jingine aina ya Spyker, na vyuma vilivyokuwa vikioza mabandani vikageuka hazina.

Huku kwetu picha za magari ya mwanzo zina sura nyingine. Mwaka 1924 kampuni ya magari ya Citroën ilituma magari 8 yenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, kutoka Colomb-Béchar huko Algeria. Yalipofika eneo la Ziwa Victoria yaligawanyika: kundi moja likashuka Mombasa, jingine Dar es Salaam, mengine yakaendelea kusini. Léon Poirier akaigeuza safari hiyo kuwa filamu, La Croisière noire, iliyotoka 1926. Wakati huo huo msafara wa Court Treatt ulikuwa njiani na magari ya Crossley kutoka Cape Town kwenda Cairo, safari ya miezi 16. Ukitazama picha za msafara huo, usimtazame aliyeshika usukani. Tazama kamba. Magari yalivutwa na watu kutoka matopeni na kuvushwa mito, kwani barabara yenyewe haikuwepo. Mtu akisema Crossley ilivuka Afrika, mimi huuliza: yenyewe? Dereva yeyote wa lori aliyewahi kulala porini na taniboi wake analijua jibu.

Turudi Market Street. Kwa miaka mingi ilidhaniwa filamu ile ni ya 1905. Mwanahistoria wa sinema David Kiehn hakuridhika. Akasoma namba za magari na kuzilinganisha na daftari la usajili, akatazama madimbwi ya maji barabarani na kuyalinganisha na taarifa za mvua, akafikia Aprili 1906, siku chache tu kabla ya tetemeko la ardhi lililoukumba mji huo. Filamu ilikuwa imeshatumwa New York kwa treni. Tarehe 18 Aprili, saa 11 na dakika 12 alfajiri, ardhi ikatikisika. Moto ukafuata na kuwaka kwa siku kadhaa, watu wapatao 3,000 wakafa, na studio ya akina Miles ikateketea pamoja na sehemu kubwa ya majengo tunayoyaona pande zote mbili za tramu.

Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka, farasi wakaishiwa nguvu. Maofisa wakachukua magari ya watu binafsi, yakapita usiku na mchana juu ya vifusi yakibeba majeruhi, madaktari, askari na baruti ya kulipulia nyumba zilizokuwa kwenye njia ya moto.