Injini inayopozwa kwa upepo: kupanga uwiano wa mgandamizo kabla ya kufunga hedi

Injini ikishashushwa na kufunguliwa, swali la kwanza la mwenye gari huwa ni spea zitagharimu kiasi gani. Kuna swali jingine ambalo haliulizwi mara nyingi, nalo ndilo linaloamua kama injini itadumu: ikifungwa tena, itabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara ngapi?

Katika makala hii tunaeleza uwiano wa mgandamizo ni nini, namna ya kuupima bila mashine za gharama, na kiwango tunachoona kinalifaa gari linaloshinda kati ya tambarare ya Ziwa Jipe na milima ya Upare. Mfano wetu mkuu ni Volkswagen 1600, injini ya silinda nne isiyo na rejeta, iliyofungwa kwenye magari ya mgongo wa kobe na kwenye Kombi za zamani. Mwenye bodaboda au pampu ya kumwagilia naye asiondoke, kwa sababu nyingi ya injini hizo zinapozwa kwa upepo vilevile, na tutamfikia.

Uwiano wenyewe

Pistoni ikiwa chini kabisa, juu yake kuna nafasi kubwa iliyojaa hewa na petroli. Ikipanda hadi juu kabisa, vyote hubanwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki. Gawa nafasi kubwa kwa nafasi ndogo, utapata uwiano wa mgandamizo. Kama ile kubwa ni mara saba na nusu ya ile ndogo, fundi atasema saba na nusu kwa moja.

Usichanganye uwiano huu na namba inayosomwa kwenye geji ya kompresheni. Geji hupima presha, na presha hushuka kwa ringi zilizochoka, valvu zinazovuja, betri dhaifu, hata kwa mwinuko wa mahali. Injini nzima ikipimwa Dar es Salaam, kisha ikapimwa mahali penye mwinuko wa mita 1,500, geji itasoma pungufu kwa karibu asilimia 15 na hakuna kilichoharibika. Uwiano hautegemei mahali. Ni umbo la chuma, na hubaki vile fundi alivyoufunga.

Faida ndogo, hasara kubwa

Ni kweli kwamba mchanganyiko uliobanwa zaidi hutoa kazi zaidi kwa petroli ileile, ndiyo maana wapo wanaochonga hedi ili "kuipa injini nguvu". Lakini faida hiyo ni ndogo kuliko inavyosimuliwa gereji. Kwa hesabu za nadharia, kupanda kutoka 7.5 hadi 9 huongeza karibu asilimia 6, na kwenye injini halisi huwa chini ya hapo. Volkswagen 1600 ina nguvu za farasi 50 hivi. Hapo umepata farasi watatu, ukibahatika.

Kwa upande wa pili, kubana zaidi ni kupasha joto zaidi. Joto likizidi, sehemu ya petroli iliyo mbali na plagi hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huko ndiko kunoki: mlio kama wa kokoto zikitikiswa ndani ya kopo la bati. Injini ya rejeta ina maji yanayozunguka hedi na kubeba joto hilo. Injini ya upepo inategemea feni, mapezi na oili peke yake. Tena kwenye Volkswagen injini iko nyuma na feni yake ina kelele, kwa hiyo dereva anaweza kupanda mlima mzima injini ikinoki bila yeye kusikia chochote. Atajua siku pistoni ikitoboka, ringi zikivunjika, au hedi ikipasuka kati ya tundu la plagi na kiti cha valvu.

Jipe chini, Usangi juu

Ziwa Jipe liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ukanda huo wa joto barabara hupanda kwenda Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, na kwa upande wa kusini hupanda kutoka Same kwenda Mbaga. Kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote Upare, kinafika mita 2,462. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini huvuta hewa kidogo, nguvu hushuka, na hatari ya kunoki nayo hupungua.

Hapo ndipo hoja ya baadhi ya mafundi huanzia. Wanasema kwa kuwa huku ni milimani na hewa ni nyepesi, uwiano uongezwe kufidia. Hoja hiyo inamfaa mtu ambaye gari lake halishuki mlimani. Gari la Upare hushuka. Huenda mnadani, huenda Mwanga na Same, na likipata mzigo linaweza kufika Tanga. Linaporudi, huanza kupanda likiwa limejaa, saa ya jua kali, kutoka kwenye hewa nzito ya tambarare. Huko chini ndiko hatari iliko. Kwa hiyo tunashauri uwiano upangwe kwa mahali pa chini na penye joto kuliko pote gari litakapofika, hata kama mwenyewe anaishi juu.

Tuongeze jambo moja la udereva, kwa sababu linaingia humu humu. Feni ya Volkswagen inazungushwa na injini kwa mkanda. Ukipanda kwa gia kubwa huku mwendo umekufa na mguu umekandamiza, injini inazaa joto jingi wakati feni inazunguka polepole. Rudisha gia mapema, injini izunguke, upepo uende.

Petroli nayo

Magari haya yalibuniwa zama za petroli yenye risasi, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia kunoki. Kwa sababu ya madhara yake kwa afya, hasa ya watoto, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Petroli ya leo isiyo na risasi, ikiwa safi, haina shida na injini yenye uwiano wa 7.5.

Shida ni ikiwa si safi. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye petroli ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa kishawishi. Hata hivyo, petroli inayouzwa kwa chupa barabarani huwezi kuijua ilikopitia. Mafuta ya taa hulipuka yenyewe kwa urahisi mno, na kiasi kidogo tu kinatosha kuifanya injini iliyobana sana ianze kunoki. Kama kijijini kwako petroli ni ya chupa, injini yako lazima ipangwe kuvumilia chupa.

Ndiyo maana tunasema 7 hadi 7.5 kwa gari la mizigo na safari za mlimani. Zaidi ya 8 hatuoni sababu. Asiyeamini kwamba uwiano mdogo unatosha aangalie mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na tena 1962, ambapo Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walikuwa na gari la 1200. Injini za Volkswagen za miaka ya hamsini zilitoka kiwandani na uwiano usiozidi 6.6, na zile za 1200 zilizofuata zilikuwa na 7.

Kupima

Vitu viwili vinahitaji kupimwa: chumba cha mwako kilichomo kwenye hedi, na pengo linalobaki juu ya pistoni ikiwa imefika juu kabisa.

Anza na hedi. Isafishe, funga valvu zake na plagi, kisha ilaze chumba kikitazama juu. Tafuta plastiki ngumu inayopenyeza mwanga, ikatwe mviringo unaoingia hadi kwenye uso ambao silinda hukalia. Angalizo hapa: kwenye Volkswagen silinda huzama ndani ya hedi, kwa hiyo ukiweka plastiki juu ya ukingo wa nje utapima nafasi isiyokuwepo. Toboa matundu mawili madogo, moja la kujazia na jingine la kutolea hewa. Paka grisi kidogo pembeni isivuje. Chukua bomba la sindano la duka la dawa, la mililita 20 au 50, ujaze mafuta ya taa au oili nyembamba taratibu hadi povu la mwisho litoke. Jumla ya mililita ulizoingiza ndiyo ukubwa wa chumba. Rudia kwa vyumba vyote vinne. Vikitofautiana kwa zaidi ya mililita moja, vilinganishwe kwanza, maana silinda moja ikibana kuliko wenzake ndiyo itakayokufa mapema.

Pengo la juu ya pistoni hupimwa injini ikiwa imefungwa krenki, pistoni na silinda, hedi ikiwa bado. Silinda lazima zishikiliwe chini kwa nati na vipande vya bomba, la sivyo zitanyanyuka na kipimo kitadanganya. Zungusha krenki hadi pistoni ifike mwisho wa kupanda. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya mdomo wa silinda, upime kwa fila geji kutoka kwenye rula hadi kwenye uso wa pistoni. Pima katikati, kwenye mstari wa pini, kwa sababu pembeni pistoni huyumba.

Hesabu

Silinda ya 1600 ina upana wa milimita 85.5 na pistoni husafiri milimita 69. Hiyo ni mililita 396 kwa silinda moja. Kila milimita moja ya pengo juu ya pistoni ni mililita 5.74.

Tuseme chumba cha hedi kimetoka mililita 50 na pengo ni milimita 1.8. Pengo ni 1.8 mara 5.74, karibu mililita 10.3. Jumlisha na 50, nafasi ndogo ni 60.3. Ongeza 396, nafasi kubwa ni 456.3. Gawa kwa 60.3: ni 7.6. Funga ukaendeshe.

Sasa chukua hedi iliyokwisha kuchongwa mara mbili na mafundi waliotangulia, chumba kimebaki mililita 44, na pengo ni milimita 1. Nafasi ndogo ni 49.7, kubwa 445.7, uwiano ni karibu 9. Kwa macho hedi hizo mbili zinafanana kabisa. Fundi asiyepima hatajua, na mwenye gari atalaumu oili.

Angalia pia pistoni pana. Ukinunua seti ya milimita 87 badala ya 85.5, silinda inakuwa mililita 410, na hata bila kugusa hedi ile ya kwanza uwiano unapanda hadi karibu 7.8.

Kurekebisha

Injini za 1600 hazina gasketi ya hedi, kwa hiyo huwezi kushusha uwiano kwa gasketi nene. Njia ya kawaida ni pete nyembamba za chuma zinazowekwa chini ya silinda, kati yake na bodi ya injini. Silinda mbili za upande mmoja zipewe unene mmoja, kwa sababu hedi moja huzifunika zote mbili. Kumbuka kwamba pete husogeza hedi nje, kwa hiyo fimbo za kusukuma valvu, mabomba yake na mabati ya kuelekeza upepo vyote vikaguliwe upya.

Pete zina mwisho. Hedi ile ya mililita 44, hata ukiipa pengo la milimita 2, bado inabaki na 8.1. Hapo chumba chenyewe kipanuliwe na mtu wa lethi anayejua kazi, au itafutwe hedi nyingine. Na pengo lisishuke chini ya milimita 1, maana vyuma hutanuka kwa joto na pistoni inaweza kugusa hedi.

Pampu na bodaboda

Hesabu ni ileile. Pampu nyingi za kumwagilia zina injini ya aina ya Honda GX160 au iliyoigwa kwayo: upana milimita 68, mwendo milimita 45, mililita 163, uwiano kati ya 8.5 na 9. Nafasi yake ndogo ni mililita 20 hivi tu, kwa hiyo kosa dogo huonekana haraka. Injini hii ina gasketi ya hedi. Ukikata ya kwako kwa karatasi nene ikazidi kwa nusu milimita, unashusha uwiano kutoka 9 hadi karibu 8.4, na pampu inakuwa nzito kuwaka na maji hayafiki mbali. Ukiifunga bila gasketi kwa gundi peke yake, unaupandisha.

Ukimaliza, andika kwa rangi ndani ya bati la feni au kwenye daftari la gari: ukubwa wa chumba, pengo, unene wa pete, na uwiano uliopatikana. Fundi atakayeifungua tena baada ya miaka kumi ataanzia hapo.