Kumchunguza mpinzani: Funzo la Gisenyi katika CHAN 2016

Kuchunguza mbinu za mpinzani ni kazi ya benchi la ufundi inayoanza kabla ya mashindano: kubaini mfumo wake wa uchezaji, udhaifu wa safu yake ya ulinzi na namna anavyopiga mipira ya kutenga.

Katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani pekee, kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwani wachezaji wengi hawajulikani nje ya nchi zao.

Mwaka 2016 Rwanda ilikuwa mwenyeji, na Kundi D likapangiwa uwanja wa Umuganda mjini Gisenyi, wilayani Rubavu. Tarehe 19 na 23 Januari, Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe zilicheza hapo zote, hivyo kila kocha aliweza kumtazama mpinzani wake ajaye kwa macho yake.

Hakuna aliyeshinda kwa zaidi ya bao moja: mechi tatu ziliisha 1-0, tatu sare. Uganda ya kocha Milutin Sredojevic ilitoka sare 2-2 na Mali, lakini ikaaga mashindano kwa alama mbili. Mali, iliyomaliza na alama tano, ilifika fainali.